Chuo cha Wanawake, Swali la Wanaume

Taja chuo kikuu cha wanawake mbele ya Watanzania wanne, halafu hesabu ni sekunde ngapi zitapita kabla mmoja hajauliza habari za wanaume. Nimefanya hilo jaribio mara nyingi mwaka huu, sikupanga, limekuja lenyewe. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amepata nafasi pamoja na ufadhili katika chuo kimoja cha wanawake jimbo la Massachusetts, Marekani. Ana mpaka tarehe 1 Mei kujibu ndiyo au hapana. Akisema hapana, basi anasubiri TCU wafungue dirisha la udahili, anaomba vyuo vya hapa kama sisi tulivyoomba, anajaza fomu za Bodi ya Mikopo, na yanayofuata mnayajua.

Ushauri wa ukoo mpaka sasa ni wa aina mbili. Bibi na mashangazi wanasema: huko hakuna wanaume, atarudi na umri umekwenda, ataolewa na nani? Baba wakubwa na baba wadogo wanasema: huko hakuna wanaume, kwa hiyo ni salama, mpelekeni haraka kabla hawajabadili mawazo. Wanabishana kwelikweli, mpaka watu wanakatiana simu. Lakini ukiwasikiliza vizuri, wote wanaongea jambo lilelile. Wanaongea wavulana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu wale wasichana zaidi ya elfu mbili atakaokula nao, atakaolala nao jengo moja na kugombana nao kwa miaka minne.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na naona hili swali linatuhusu hata sisi ambao hatuendi popote.

La bibi nilimalize haraka. Kwenye ukoo wetu hakuna hata mmoja aliyeolewa na mtu waliyesoma naye chuo. Bibi mwenyewe aliolewa na mtu wa kijiji cha pili ambaye shule hawakukutana. Mama alimwona baba kwenye harusi ya watu wengine. Tunaoishi hapa chuoni tumezungukwa na wanaume toka asubuhi mpaka usiku, na wenzangu wengi chumbani wako singo, wamelala na vitabu vyao.

La wajomba na mababa ni zito zaidi, na sitaki kulicheka. Usalama wa msichana chuoni si maneno ya wazee tu. TAKUKURU walifanya utafiti wa rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, ukatoka mwaka 2020, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu kabisa cha jambo hilo, cha 25. Ila angalieni hofu hiyo inamhusu nani. Inamhusu mtu mwenye kalamu nyekundu na matokeo yako mkononi, simzungumzii mvulana uliyekaa naye dawati moja. Na vyuo vya wanawake vina wahadhiri wanaume kama kawaida. Kwa hiyo anayetaka usalama asiulize kama wavulana wapo. Aulize ukilalamika unalalamika kwa nani, na waliolalamika kabla yako waliishia wapi.

Sasa niseme vyuo vyenyewe ni vipi, maana naona watu wanafikiria sekondari ya bweni iliyoongezwa umri. Hapa Tanzania shule za wasichana tunazo na tunazijua: Tabora Wasichana, Kilakala, Msalato, Weruweru. Ila ukitaka chuo kikuu cha wanawake unavuka mpaka. Kenya kuna Kiriri, jirani na Nairobi, kilichoanzishwa 2002 kwa ajili ya wasichana kusoma sayansi na teknolojia. (Kwa Kikuyu, kiriri ni ile sehemu ya nyumba ya mama walikokuwa wakilala mabinti.) Sudan kuna Ahfad, Omdurman, cha mwaka 1966, chenye mizizi kwenye shule ya wasichana ambayo Babiker Badri aliifungua Rufaa mwaka 1907. Korea Kusini wana Ewha tangu 1886. Marekani mwaka 1960 vilikuwa zaidi ya 200, leo havifiki hata 40, kwa sababu vingi vilifungwa au vikapokea wavulana. Vilivyobaki vimebaki kwa kuchagua kubaki.

Na havina matroni. Hakuna kuhesabiwa usiku, hakuna ruhusa ya kwenda mjini, hakuna barua kupekuliwa. Barnard iko New York, ng'ambo ya barabara kutoka Columbia. Bryn Mawr na Haverford wanasomea madarasa ya kila mmoja. Spelman, chuo cha wanawake weusi kule Atlanta, kimekaa ubavuni mwa Morehouse cha wanaume. Smith na Mount Holyoke, vyote vya Massachusetts, wanafunzi wake wanaweza kusajili somo Amherst au Chuo Kikuu cha Massachusetts na kupanda basi kwenda kusoma. Kwa hiyo hata hilo la "hakuna wanaume" ni nusu ya ukweli. Wanaume wapo, wako kituo cha basi.

Kama wanaume wapo, kitu gani basi kinabadilika? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Nenda kimbweta chochote saa mbili usiku, wiki moja kabla ya UE. Tafuta kundi la watu saba, wavulana watatu na wasichana wanne. Nani anaongoza mjadala? Nani ameshika kalamu? Eti "dada ana mwandiko mzuri." Mimi nimeandika kazi za kikundi semista tano, na mwandiko wangu, kwa taarifa yenu, ni mbaya. Siku ya kuwasilisha anayesimama mbele ni kaka, na sisi tunashika karatasi. CR mvulana, msaidizi wake msichana. Tiketi za urais wa serikali ya wanafunzi nilizoziona tangu nifike hapa zimepangwa hivyohivyo: rais wa kiume, mgombea mwenza wa kike, ili kura za mabweni ya wasichana zipatikane. Hakuna sheria inayosema iwe hivyo. Ndiyo maana inachosha, kwa sababu huna wa kumshtaki. Kila mtu ni mwema, kila mtu ni mshkaji, na bado kalamu inakuja kwako.

Nilipokuwa fildi kufundisha, sekondari ya kutwa ya mchanganyiko, niliona hiyo hali inapoanzia. Kidato cha pili tu. Wavulana wananyoosha mikono swali halijaisha, wengine hata jibu hawana, wananyoosha tu. Wasichana wanajua, wanajibu kwa kunong'ona huku wanaangalia meza. Ilibidi nianze kuandika kwenye andalio la somo nani nimemwita leo na nani bado, maana hata mimi mwalimu wa kike macho yangu yalikuwa yanakwenda kwa wenye kelele.

Fomu faivu na siksi nilisoma bweni la wasichana. Jenereta likizima, anayeliwasha ni msichana. Mwenyekiti wa midahalo msichana, mbishi wa hisabati msichana, mchekeshaji wa prepo msichana, mvivu wa zamu msichana, na mwizi wa ndoo pia, naye tulimjua. Sikuona kitu cha ajabu wakati ule. Nilikuja kuona nilipofika hapa, ndani ya wiki mbili, jinsi wasichana niliokuwa nao kule wakiwa vichwa vya shule walivyokaa kimya kwenye semina. Hawajapungua akili ndani ya likizo moja. Nafasi ndiyo imepungua.

Wapo watakaosema: dunia ina wanaume, mtu akizoeshwa kukaa na wanawake atashindwa maisha. Hoja hii naisikia hata kwa wahadhiri. Inadhani kwamba chuo cha mchanganyiko kinampa msichana dunia nzima moja kwa moja. Haya, tuangalie Makerere. Wanawake wa kwanza waliingia 1945, walikuwa sita. Mpaka wakati huo wito wa chuo ulikuwa na maana ya "Tuwe wanaume", ikabidi wabadilishe. Mmoja wao alikuwa Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye aliolewa na msanii Sam Ntiro, balozi wetu wa kwanza London. Alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa hisabati akakataa kufundisha akiwepo mwanamke darasani, na Sarah akalazimika kuhamia masomo mengine. Chuo kilikuwa cha mchanganyiko, ndiyo, jina lake liko kwenye orodha, na mlango wa hisabati umefungwa. Kisha alikwenda Oxford, chuo cha St Anne's, ambacho wakati huo kilikuwa cha wanawake (wanaume waliingia 1979), akasoma historia na kumaliza 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada. Akarudi nyumbani kuwa mwalimu. Walipompa mshahara mdogo kuliko wa mwanaume mwenye sifa zilezile, alikataa kuupokea.

Au Wangari Maathai. Loreto Limuru, shule ya wasichana. Mwaka 1960 akapanda ndege na mamia ya vijana wa Kenya waliopelekwa kusoma Marekani, akaangukia Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas, chuo cha wanawake cha masista wa Kibenedikto, akamaliza 1964. Chuo cha wanaume kilikuwa mji huohuo, vikaunganishwa 1971. Mwanamke huyu mwaka 1989 alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kuchomoza katikati ya Uhuru Park, serikali nzima ikamshambulia, na jengo halikujengwa. Sasa anayetaka kuniambia kwamba hakuzoea wanaume, karibu. Nakubali kwamba Wangari ni Wangari, huwezi kutoa kanuni kwa mtu mmoja. Lakini ile hoja ya kwamba watatoka waoga, imekufa hapo.

Hata hivyo simwambii kila msichana aende. Ukiuliza kama chuo cha wanawake kitakufaa kimaisha, maana yake unauliza unaishije na watu, na hapo kila mtu ana lake.

Nilimwuliza mdogo wangu: marafiki zako watatu wa karibu ni nani? Wawili ni wavulana. Amekulia katikati ya kaka zake, amesoma kutwa, shule ya kata ya mchanganyiko, kila mwaka alikuwa makamu wa kitu fulani: makamu kiranja, makamu mwenyekiti wa klabu. Akaniambia kitu ambacho mashangazi wote hawajakisikia. "Dada, nikiwa na wavulana najua kuchekesha. Nikiwa na wasichana tu, sijui niseme nini." Hilo ndilo swali lenyewe. Haogopi kukosa mchumba. Anaogopa kufika mezani na wasichana wanane na kukaa kimya.

Tulilizungumza usiku kucha. Mimi nafikiri hiyo ni sababu ya kwenda. Msichana ambaye njia yake ya kukubalika ni kuwa mshkaji wa kaka zake, kazi yake kuchekesha, miaka yote, hajawahi kukaa mahali ambapo hatakiwi kuwa na kazi hiyo. Amezoea kuwa makamu. Aende mahali ambapo rais ni msichana, hata mwaka ule wanaochagua rais mbovu. Lakini nilimwambia pia kwamba miezi ya kwanza itamuuma, na asije akadhani amekosea chuo kwa sababu Oktoba imekuwa ngumu.

Angekuwa ametoka bweni la wasichana miaka sita, na mpaka leo akisalimiwa na mvulana anatafuta mlango, ningesema tofauti. Huyo ningemwambia aje hapa kwetu, akae kimbweta, akatae kuandika. Na anayepelekwa kwa nguvu na wazazi wanaotafuta ukuta wa kumficha, naye nisingemshauri, kwa sababu hizo ni taasisi za watu wazima na ukuta hautakuwepo.

Halafu kuna ile ya kunong'ona, ambayo shangazi mmoja aliileta kwa kunivuta pembeni: eti vyuo vya namna hiyo wasichana "wanaharibika". Maneno hayohayo tuliambiwa tukienda bweni fomu faivu. Bwenini nilikutana na wasichana wa kila aina, kama nilivyokutana nao hapa, na kama utakavyokutana nao benki. Nikamwuliza shangazi kama binti aliyemlea mwenyewe hamjui. Akanyamaza, ila hajafurahi.

Na kuna la ugomvi, kwamba wanawake wakikaa pamoja hawapendani. Mimi naona mahali padogo ndipo penye kazi, si jinsia. Kwenye chuo chetu ukikosana na mtu wa chumbani unaweza kupotea wiki nzima, watu ni maelfu. Chuo cha watu elfu mbili, ukigombana na mtu Jumatatu utamwona kwenye chakula mara tatu kabla ya Jumanne. Kuna wanaopenda hivyo, kujulikana na kila mtu. Kuna wanaokosa hewa. Mimi ni wa kukosa hewa, mdogo wangu nadhani ni wa kwanza.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi si jinsia kabisa. Atakuwa mweusi, mgeni, mtoto wa mama muuza vitenge, katikati ya wenzake ambao wazazi wao wanawapeleka kuteleza kwenye theluji wakati wa likizo. Wote ni wasichana, sawa. Hilo halitawafanya wawe na mfuko mmoja. Kwa hiyo tukaacha kusoma vipeperushi vyenye picha za wasichana wanacheka chini ya miti, tukatafuta mwanafunzi wa kweli. Akapatikana Mkenya wa mwaka wa pili, kupitia rafiki wa rafiki, na mdogo wangu akamtumia maswali. Jumamosi saa tatu usiku uko wapi na uko na nani? Desemba mabweni yakifungwa, wasio na pa kwenda wanalala wapi? Umewahi kumwalika mtu chumbani kwako kabla hajakualika? Wanaokaa meza moja na wewe wanatoka wapi? Na nywele, nani anakusuka?

Alijibu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika kumi na moja. Jumamosi ya kwanza alilia. Ya pili akapata basi, akaenda mji wa jirani, akapata mama wa Ghana anayesuka nyumbani kwake, na huko ndiko alikokutana na marafiki zake wa kwanza, wawili wa chuoni kwake na mmoja wa chuo kingine. Desemba alilala kwa familia ya mwenzake, halafu mwaka uliofuata chuo kikampa chumba. Kuhusu wavulana hakusema lolote mpaka mdogo wangu alipouliza, akacheka: wako wengi, ni kuwakwepa tu. Ila baridi, alisema, hiyo itakunyorosha.

Mdogo wangu amesikiliza ile sauti mara nne. Kinachomsumbua sasa ni bei ya kusuka kule.